Cherehani ya Shangazi na Mlima Mweusi wa Lubumbashi

Mgeni ajaye Lubumbashi kwa mara ya kwanza hana haja ya kuuliza kama amefika. Ataona bomba la moshi lipandalo juu kupita mita 150, na kando yake mlima mweusi usioota hata jani moja. Mlima ule haukuwapo Mungu alipoiumba nchi hii. Ni kazi ya mikono ya wazee wetu. Tangu mwaka 1911, shaba ya kwanza ilipomiminwa katika tanuru la Union Minière, uchafu wake ulichukuliwa ukamwagwa hapo, mwaka baada ya mwaka. Wahunzi wa kale waliuita mavi ya shaba, nao hawakuona haya kusema hivyo. Ukawa kilima, na kilima kikawa mlima.

Sisi tunaoandika habari hii ni wazaliwa wa Katuba. Mlima huo tumeuona tangu utoto, tukadhani ni kitu kisicho na mwenyewe, kama mawingu. Hatukuwaza hata siku moja kwamba watu wanaweza kuupigania mahakamani, tena katika kisiwa kidogo cha Ulaya ambacho hatukulijua jina lake. Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Na tulipokuja kuyajua mambo hayo tuliona haya, kwa sababu ya cherehani moja. Basi, sharti tuanze na hiyo cherehani.

Mwezi wa tano wa mwaka 2016 baba yetu aliugua figo, akalazwa wiki saba. Mama alikopa dola 300 kwa mfanya biashara mmoja wa mtaani, kwa faida ya dola 30 kwa kila mia, kila mwezi. Hajui kuandika, akatia dole gumba kwenye karatasi. Hatumlaumu, mfa maji haishi kutapatapa. Mwezi wa saba baba akafariki. Mama aliendelea kulipa kidogo kidogo, dola 20 leo, dola 15 wiki ijayo, kwa kuuza unga wa mahindi, mpaka akawa amerudisha dola 210. Lakini zote zilihesabiwa kuwa faida tu, na deni lenyewe likabaki pale lilipokuwa.

Ndipo yule mfanya biashara akahamia Kasumbalesa, na kabla ya kuondoka akaiuza ile karatasi. Ndiyo, aliiuza, kama mtu auzavyo baiskeli yake. Mnunuzi alikuwa mtu tusiyemjua, naye alitoa dola 120. Mwezi wa pili wa mwaka 2017 akatokea kwetu na daftari iliyojaa hesabu, akasema: "Mnadaiwa dola 900." Alitazama ndani, asione kitu cha thamani. Akageuka barazani, akaiona cherehani.

Cherehani ile haikuwa ya mama. Ilikuwa ya shangazi yetu, dada wa marehemu baba, ambaye tangu kufiwa na mume wake hukaa nasi katika ua mmoja, akishona sare za shule na nguo za komunyo ya kwanza. Yule bwana hakujali. Alisema: "Ua ni mmoja, sufuria ni moja, basi na deni ni moja. Kesho jioni naja na mkokoteni."

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo penye aibu yetu. Sisi ni katekista. Tulisoma seminari miaka sita kabla ya kutambua kwamba wito wetu ni mwingine. Tulilichukua daftari la yule bwana, tukalipitia mstari kwa mstari, tukaona hesabu zake hazina kosa la kujumlisha hata moja. Tukamgeukia shangazi, tukamwambia kwa upole: "Shangazi, deni ni deni. Mkristo hulipa."

Shangazi alitutazama kitambo. Siku zote hutuita mwanangu. Siku ile alituita kama watu wa nje wanavyotuita. Alisema: "Mwalimu, mimi nilikopa nini?"

Hatukuwa na jibu.

Kesho yake jioni alikuja mama mwenyekiti wa shirika letu la mtaani. Ni muuza makaa, na vitabu hajui kusoma. Alikuja na majirani sita, kila mmoja amebeba kiti chake, wakaketi barazani kuizunguka cherehani kama watu walio matangani. Yule bwana alipofika na mkokoteni wake aliwakuta hapo. Mama mwenyekiti hakupiga kelele. Alimwuliza karatasi ile aliinunua kwa bei gani. Yule bwana akasita, kisha akasema. Akamwuliza tena, dole lililo kwenye karatasi ni la nani. La mama. Na cherehani je, ni ya nani? Yule bwana akanyamaza.

"Baba," akasema mama mwenyekiti, "wewe umenunua deni la mwenye dole hili. Hukununua ua huu."

Maneno yaliendelea mpaka saa nne ya usiku. Wakapatana alipwe dola 150 kwa muda wa miezi mitano, akaondoka na mkokoteni mtupu. Majirani walichukua viti vyao wakaenda kulala. Sisi hatukulala upesi. Tulikumbuka sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati, ambayo tumeifundisha mara nyingi kwa wakatekumeni. Pale Musa akataza mtu kuchukua jiwe la kusagia la mwenzake liwe rehani, kwa kuwa anayelichukua amechukua uhai wa mtu. Akataza pia kuchukua nguo ya mjane. Sura hiyo twaijua kwa moyo. Lakini alipokuja mtu mwenye daftari na kalamu, tuliisahau yote, tukaanza kujumlisha.

Mwaka uliofuata tulialikwa katika semina ya siku mbili hapa mjini, iliyotayarishwa na vyama vya raia wanaofuatilia mambo ya migodi. Lubumbashi haikosi vyama vya namna hiyo, na wasomaji wengine mmekwisha sikia habari za AFREWATCH au za wale wa CADTM wanaopinga madeni ya nchi maskini. Kusema kweli tulikwenda kwa sababu padri wetu hakupata nafasi. Siku ya pili mwanasheria mmoja alisimama kueleza kesi fulani ya Ulaya, nasi tulikuwa karibu kusinzia, mara tukasikia akitaja mlima wetu mweusi. Tukaweka kalamu chini tukasikiliza.

Habari yenyewe ni hii. Katika miaka ya 1980, nchi yetu ilipoitwa Zaire, kampani ya Yugoslavia iitwayo Energoinvest, yenye makao Sarajevo, iliingia mkataba na serikali ya Mobutu na shirika la umeme, SNEL, ili kujenga mitambo ya umeme na nyaya zake kubwa. Serikali haikulipa kama ilivyoahidi. Yugoslavia ikavunjika, utawala wa Mobutu ukaanguka mwaka 1997, vita vikaja, lakini deni halikufa. Mwaka 2003 waamuzi wa mambo ya biashara waliamua kwamba Congo ilipe. Mwaka uliofuata Energoinvest ikauza haki yake ya kudai kwa kampani moja ya Marekani, FG Hemisphere, kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya deni. Na faida ilivyozidi kujumlishwa, madai yakapita dola milioni 100.

Kampani za namna hii wapinzani wao huziita tumbusi, yaani yule ndege mwenye shingo isiyo na manyoya ambaye hamwui mnyama mwenyewe, bali hungoja aanguke. Tumbusi wa fedha hajengi waya wala hakopeshi mtu. Hununua karatasi ya nchi iliyokwisha anguka, kisha huzunguka dunia akitafuta mahali popote ambapo mali ya nchi ile imelala, ili mahakama ya mahali hapo immegee.

FG Hemisphere ilizunguka kweli kweli. Ilikwenda Hong Kong, ambako kampani za China zilikuwa na fedha za kuipa Congo kwa ajili ya mkataba mkubwa wa migodi. Huko ilishindwa mwezi wa sita wa mwaka 2011, majaji watatu kwa wawili, kwa hoja kwamba serikali ya nchi nyingine haishitakiwi mahakamani pao. Ikaenda pia Jersey, na hapa ndipo mlima wetu uingiapo.

Jersey ni kisiwa kilicho baharini kati ya Uingereza na Ufaransa. Watu wake ni kama laki moja, pungufu ya watu wa mitaa michache ya Lubumbashi. Lakini kampani nyingi za dunia zimeandikwa huko kwa sababu kodi yake ni nyepesi. Moja ya hizo iliitwa kwa kifupi GTL, na kazi yake ilikuwa kuununua uchafu wa mlima wetu. Maana, wasomaji wapenzi, mavi yale si mavi tupu. Matanuri ya zamani yaliitafuta shaba tu, yakaiacha kobalti ndani ya uchafu, na tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kiwanda kando ya mlima kimekuwa kikiitoa. Gécamines, kampani ya migodi ya serikali yetu, ilikuwa na hisa 20 kwa mia katika GTL, nayo ilidai fedha kwa uchafu uliouzwa. FG Hemisphere ikaiambia mahakama ya Jersey: Tupeni hisa hizo na fedha hizo. Gécamines ni ya serikali, serikali ni Gécamines, ua ni mmoja.

Tulipofika hapo tulihisi kama mtu ametupiga kofi. Ua ni mmoja, sufuria ni moja!

Mahakama ya Jersey ilikubali mwaka 2010. Gécamines ikakata rufani, ikashindwa tena mwaka 2011. Ikaenda London, mbele ya Privy Council, yaani baraza la majaji wa Malkia wa wakati ule ambalo ndilo la mwisho kwa watu wa kisiwa kile. Tarehe 17 Julai 2012 baraza lilitoa hukumu: kampani iliyoundwa kisheria, yenye mali yake na hesabu zake, haishikwi kwa deni la serikali hata kama serikali ndiyo mwenyewe, isipokuwa kwa sababu za pekee sana. Gécamines haikutia sahihi mkataba wa nyaya zile. Mlima ukaachiliwa. Majaji wale waliandika kurasa nyingi, kwa elimu kubwa, wakitaja kesi za nchi nyingi. Mama mwenyekiti wetu alisema jambo lile lile miaka mitano baadaye, wala hakuwa na habari zao.

Msidhani kwamba tunaifanya Gécamines kuwa shangazi maskini. Katika miaka ya katikati ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kila mwaka, na mwaka 1994 hazikufika 50,000. Mtu asiseme kwamba ni Wazungu peke yao walioifikisha hapo. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, ambao Benki ya Dunia iliugharimia. Kila msomaji wa Lubumbashi ana baba, mjomba au jirani aliyekuwa mmoja wao. Wengi wao walisema hesabu waliyolipwa haikuwa ile waliyostahili kwa sheria ya kazi, wakaungana, wakaandika barua. Mwaka 2009 malalamiko yao yalifika Washington, mbele ya jopo la ukaguzi la Benki yenyewe.

Jopo hilo nalo lina hadithi yake. Liliundwa mwaka 1993 baada ya wakulima wa bonde la Narmada kule India, ambao mashamba yao yangezama kwa ajili ya bwawa, kusimama pamoja na rafiki zao wa nchi nyingine na kuitia Benki aibu. Kabla ya hapo mtu wa kawaida hakuwa na mlango wa kubisha. Wazee wetu wa Gécamines waliubisha mlango uliochongwa na wakulima wa India. Wengi wamezeeka sasa, wengine tumewazika, na madai yao bado wameyashika mkononi. Mlango ukiwapo haina maana kwamba utafunguliwa.

Turudi Jersey, kwa kuwa jambo lililotugusa kuliko yote halikuwa hukumu ya majaji. Mwanasheria alituuliza: "Kwa nini tumbusi aliweza kudai yote Jersey, asiweze Uingereza kwenyewe, penye fedha nyingi zaidi?" Jibu ni kwamba mwaka 2010 bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kuwazuia tumbusi: mwenye kudai nchi maskini ambayo madeni yake yamepunguzwa kwa mapatano ya dunia, haruhusiwi kupata kwa mahakama zaidi ya sehemu ambayo wadai wengine wamekubali kupata. Lakini Jersey ina bunge lake, na sheria ile haikuufika. Palikuwa na tundu katika ua, na tumbusi akalipitia hilo.

Basi wanachama wa Jubilee Debt Campaign wa Uingereza, pamoja na watu wa kisiwani, walianza kuandika barua, kukusanya sahihi na kuwaendea wabunge wa Jersey. Mwishoni mwa mwaka 2012 wabunge wakapitisha sheria ya kuliziba tundu. Tulipiga hesabu: hukumu ya London ilikwisha iokoa Gécamines miezi michache kabla. Watu wale hawakuwa wakiuokoa tena mlima wetu. Waliendelea kwa ajili ya nchi nyingine itakayoanguka kesho.

Wao walipata wapi moyo huo? Jina la chama chao lataja Jubilei, nalo latoka katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, ambapo kila mwaka wa 50 aliyejiuza huachiliwa na aliyepoteza shamba hurudi shambani. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili aliandika kwamba Jubilei ya mwaka 2000 iwe nafasi ya kupunguza sana, au kufuta kabisa, madeni ya nchi maskini. Tarehe 16 Mei 1998, wakuu wa nchi tajiri walipokutana Birmingham, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji ule. Wengi walikuwa watu wa parokia tu, akina mama wenye miavuli na mapadri wenye viatu vya kutembelea. Hatukusoma jambo hilo seminarini. Tulisoma habari za riba katika mafundisho ya Mtakatifu Thoma, tukafaulu mtihani, na ikawa basi.

Labda msomaji atauliza: Je, si haki aliyekopa alipe? Ndilo swali tulilomjibu shangazi vibaya, kwa hiyo tulijibu polepole sasa. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa (msilichanganye na shirika letu la mtaani, ingawa yote mawili hushughulika na madeni) lilimtuma Mjerumani mmoja, Erwin Blumenthal, akae katika benki kuu ya Zaire na kuitengeneza. Alidumu kama mwaka mmoja. Mwaka 1982 ripoti yake ilieleza jinsi fedha za nchi zilivyokuwa zikiliwa na wakubwa, na kwamba hakuna tumaini la wakopeshaji kurudishiwa fedha zao. Alisema wazi, wala si kwa mafumbo. Nao wakopeshaji waliendelea kukopesha, kwa kuwa Mobutu alikuwa rafiki yao katika ugomvi wao na Warusi. Mtu akimpa mlevi fedha akijua kwamba ni mlevi, kisha akaja kudai kwa watoto wake, hakimu wa kijiji atamtazama mara mbili.

Mwezi wa saba wa mwaka 2010 Shirika la Fedha na Benki ya Dunia walitangaza kwamba Congo imefuzu, na nafuu ya deni ya dola bilioni 12.3 ikapitishwa. Ni neema kubwa, nasi hatuidharau. Lakini mwaka mmoja kabla, Congo ilikuwa imelazimishwa kuukata mkataba wake na kampani za China, ule wa Sicomines wa mwaka 2008, kutoka dola bilioni 9 hadi 6, kwa kuwa wakubwa wa Washington waliona nchi isamehewe deni la zamani huku ikijitwisha jipya haifai. Wengine hapa nchini walikasirika wakisema tunaamriwa kama watoto. Sisi twaona pande zote mbili zilikuwa na neno la kweli. Migodi ya mkataba ule iko upande wa Kolwezi. Shaba hulipia barabara, na wananchi hawakuulizwa bei ya shaba wala bei ya barabara.

Waliouliza ni vyama vya raia, kati yao umoja uitwao Congo Haiuzwi. Waliisoma mikataba, wakapiga hesabu, wakalinganisha. Mwezi wa tatu wa mwaka 2024 mkataba ukatengenezwa upya: fedha za barabara na majengo zikapanda hadi dola bilioni 7, dola milioni 324 kila mwaka mpaka mwaka 2040. Umoja ule haukushangilia. Ulionyesha kwamba malipo hayo yamefungwa na bei ya shaba. Ikishuka sana, na fedha zitashuka. Kuna watu ambao huchukizwa na wasioridhika namna hii. Zamani tulikuwa miongoni mwao.

Tena kuna Ubelgiji. Mwaka 2015 bunge lake lilipitisha sheria kali juu ya tumbusi: aliyenunua deni kwa bei ya kutupa hapati kwa mahakama zaidi ya bei aliyonunulia. Kampani moja ya tumbusi iliishitaki sheria hiyo, na mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Brussels ikaitupa kesi yake. Tulipomweleza mama mwenyekiti habari hiyo, aliuliza kama Wabelgiji hao ndio wale wale waliotuma watu kuchimba shaba yetu. Tulimjibu kwamba ni nchi ile ile. Hakusema neno. Aliokota kipande cha makaa, akakirudisha gunianï, akafuta mikono.

Hatutaki kumchora mama huyu kama nabii. Ana hasira za upesi, na mwaka jana aligombana na nusu ya shirika juu ya fedha za likelemba, nasi ilibidi tuwapatanishe kwa wiki tatu. Lakini jambo moja tumejifunza kwake ambalo hatukulijua pamoja na vitabu vyetu. Yeye haanzi na hesabu. Huanza kwa kuuliza ni nani aliyekopa, nani alikula, nani ameishika karatasi sasa na aliipata kwa kiasi gani. Hesabu huja mwisho.

Mwaka 2025, Mwaka Mtakatifu, Papa Fransisko aliyefariki mwezi wa nne wa mwaka huo alikuwa amekwisha ziomba nchi tajiri zisamehe madeni ya wale wasioweza kulipa kabisa. Caritas ikazunguka duniani kukusanya sahihi za kuomba madeni yageuzwe kuwa tumaini. Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, tuliweka meza nje ya kanisa na karatasi za kutia sahihi. Wengi walipita wakiwahi bukari nyumbani. Wengine walisimama wakauliza kama kuna msaada unaogawiwa, na waliposikia hakuna, wakaenda zao. Kijana mmoja mwenye shahada alitucheka waziwazi. Alisema wakubwa wa New York hawatasoma jina la mtu wa Katuba. Labda ni kweli. Sisi tulimjibu kwamba hata majina ya watu wa Jersey hatukuwa tumeyasoma.

Shangazi alikuja wa mwisho, akiwa na uzi begani, kwa kuwa siku zile za kufungua shule hapumziki hata Jumapili. Yeye ajua kuandika jina lake, alijifunza ukubwani katika darasa letu. Aliandika herufi moja moja. Kisha hakuondoka. Aliuliza karatasi hii inasema nini, tukamsomea. Aliuliza deni hili jipya la nchi, lile la barabara na shaba, ni la kiasi gani na mwisho wake lini, tukamtajia ile miaka mpaka 2040. Akahesabu kwa vidole. Alisema mwaka ule atakuwa na miaka 81.

"Na karatasi yenyewe," akauliza, "ile iliyotiwa sahihi, ninyi mmeiona?"

Tulisema kwamba mikataba ya migodi kwa sheria hutangazwa, na mtu aweza kuipata. Akauliza tena kama sisi tumeiona. Ilitubidi kusema kwamba hatujaiona. Tumesikia tu habari zake kwa wengine.

Basi alitutazama kama siku ile ya cherehani, lakini safari hii alituita mwanangu. Tumekwisha patana na wale wanasheria wa semina. Jumatano ijayo tutakwenda ofisini kwao watu watatu: shangazi, mama mwenyekiti na sisi, tuusome mkataba ukurasa kwa ukurasa kwa Kiswahili. Mama mwenyekiti amesema tutangulie kufika saa mbili, na kila mtu abebe kiti chake, endapo ofisini havitoshi.